Safu ya Faida

Mimi si mpigaji, nisikudanganye.
Miaka ishirini na sita niliandika mishahara ya wachimbaji,
kila mtu na nambari yake, kila nambari na makato yake,
hadi kampuni ilipotuacha kwa barua ya mistari minne.
Kapend akanifuata Katuba, kofia mkononi:
"Mzee wa hesabu, sauti tuko nayo. Kitabu ndiyo hatuna."

Ndivyo nilivyokuwa mtunza sanduku
wa Chama cha Jazi cha Lubumbashi,
chama kisichotafuta faida.
Sheria inatuita hivyo. Mke wangu anaongeza:
"Hata mukiitafuta, mutaijulia wapi sura yake?"

Machi. Kodi ya chumba nyuma ya gereji, Kamalondo.
Mwenye gereji kapunguza dola kumi
kwa sharti binti yake Chola afundishwe tarumbeta.
Niandikeje? Nimeandika: punguzo, tarumbeta.

Aprili. Matete mawili ya saksafoni
yaliyotoka Ndola ndani ya soksi ya dereva wa lori.
Moja likapasuka. Numbi akalifunga uzi, akapuliza hivyohivyo,
sauti ikatoka na kikohozi.
Kikohozi cha baba, akasema, akirudi kutoka tanuruni,
na tangu siku ile hataki tete zima.

Tarumbeta kuukuu, zawadi, imetoka Ulaya, imebonyea shingoni.
Forodha, Kasumbalesa: dola thelathini na tano.
Tulilipa ili shaba iruhusiwe kuingia mji wa shaba.
Nililipa mimi, niliyewaandika walioichimba.

Mei. Mafuta ya jenereta.
Mafuta ya jenereta.
Mafuta ya jenereta.

Juni. Banza hana mchango, kaleta kilo tano za unga.
Nimeuingiza kama unga.
Bukari ikaliwa kabla sijajumlisha.

Julai, ile baridi ya vumbi, akaja mtu wa kodi,
tai nyembamba, mhuri mfukoni.
"Munauzisha pombe?"
Hapana.
"Munauzisha tikiti?"
Mulango iko wazi.
"Sasa munauzisha nini?"
Nikamfungulia kitabu.
Akateremsha kidole kwenye safu ya faida,
polepole, kutoka juu hadi chini,
kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi.
"Mzee, huku mbona kweupe?"

Nyuma ya ukuta Chola alikuwa akijifunza,
soksi imezibwa mdomoni mwa tarumbeta majirani walale.
Nota nne. Ya tatu inateleza.
Nota nne. Ya tatu inateleza.
Kalamu ya yule bwana ilikuwa hewani,
na kila msichana alipoikaribia ya tatu
kalamu ilipanda kidogo.
"Bado," akasema, si kwangu.

Umeme ukakatika. Hakuna aliyesogea.
Gizani nota nne, tena nne,
harufu ya oili, meno yangu yakigongana kwa baridi,
na pumzi ya mtu wa serikali
ikisubiri pamoja na yangu.

Taa iliporudi alitutoza.
Dola hamsini, stakabadhi nambari 0317, nimeibandika.
Sitaki mtu aseme muziki ulimlainisha.

Ila Jumamosi alikuwa juu ya tairi la lori, mstari wa mwisho,
bila tai.
Ilipofika ya tatu akapiga kelele "bado!"
watu wakageuka, Chola akacheka ndani ya shaba,
na kile kicheko chenyewe kikatoka kama nota.
Nilihesabu waliohudhuria: arobaini na mmoja.
Nikarudia. Nilikuwa sijajihesabu.

Desemba nafunga mwaka.
Mapato, matumizi, deni la mafuta.
Chini ya safu ya faida nimeandika sifuri,
sifuri ya duara, safi, ya mkono wa kampuni.
Mke wangu akainua uso kwenye sombe:
"Unapiga mluzi gani huo?"
Nani, mimi?
"Wewe. Tangu Julai.
Na kuna mahali unakosea."